Nisindikize Hadi Pale

Alama ya tairi ilikuwa moja, nyembamba, na ilikuwa inapanda tu.

Emiliana aliiona asubuhi, umande haujakauka, alipokwenda kukagua njia. Alisimama katikati ya mteremko, baiskeli ameiegemeza kiunoni, akaitazama kwa hasira kabla hajafikiria kuiogopa. Hasira ilikuwa haki yake. Njia ile waliichonga yeye na mdogo wake Elisha kwa sururu na panga, kuanzia mashamba ya alizeti ya Kinampanda, ikapanda katikati ya miyombo na mininga, ikazunguka majabali, ikarudi kumwagika bondeni. Watu walicheka. Walisema watoto wa marehemu Hosea wamekosa kazi, wanalima msitu ili wapande baiskeli. Kisha wakaanza kuja wageni kutoka Singida mjini, wengine hata Arusha, na baiskeli zao za matairi manene, wakawa wanapanda kimya na kushuka wakipiga mayowe, na wale waliocheka wakaanza kuuza uji na mihogo pale chini. Mteremko mkali kuliko yote waliuita Meno Nje, kwa sababu hakuna aliyewahi kuushuka akiwa amefunga mdomo.

Sasa kuna mtu alikuwa amepanda Meno Nje. Tena hakuikokota baiskeli, maana pembeni hapakuwa na unyayo hata mmoja. Aliikalia, akakanyaga, akapanda, kwa tairi la baiskeli za wazee, zile ndefu nyeusi za kupelekea mahindi mashineni, ambazo hazina gia na breki zake ni kumwomba Mungu. Mbuzi wenyewe Meno Nje huipanda kwa ubavu. Emiliana aliifuata alama mpaka juu kabisa, kwenye jabali pana walipozoea kupumzika. Iliingia kwenye jabali, na upande wa pili haikutoka. Upande wa pili palikuwa na genge, ukingo uliokatika wima, na chini ya genge bonde la kiangazi.

Kulikuwa na harufu pia. Harufu ya mvua ya kwanza juu ya vumbi, ile inayowatoa watu nje wakitabasamu. Lakini ulikuwa mwezi wa saba, na mvua ilikwisha kusahaulika.

"Mpumbavu wewe," Emiliana alisema kwa sauti, bila kujua anamwambia nani, akakata tawi akaifagia alama yote mpaka chini. Kesho yake aliikuta imerudi palepale, na safari hii imenyooka vizuri zaidi, alama ya mtu aliyeshukuru kufagiliwa njia.

Hakumwambia mtu. Wapanda baiskeli wengi walikuwa wanatarajiwa Jumamosi ya wiki ile, na yeye hakuwa mtu wa kuahirisha shughuli kwa ajili ya tairi la mtu asiyeonekana.

Karakana yao ilikuwa nyumbani, banda la mabati kando ya barabara, mbele ya nyumba ya mama yao, Agripina. Siku ileile ya alama ya kwanza, jua lilipofika utosini, saa ambayo hata kuku hujificha, kengele ya baiskeli ililia barabarani. Kring, kring. Ilikuwa kengele ya kizamani, ya kuviringisha kwa kidole gumba. Elisha alikuwa ameshika gurudumu, ananyoosha spoku. Akaliweka chini, akafuta mikono, akavaa ndala zake za bluu.

"Namsindikiza mgeni kidogo," alisema. "Nakuja."

"Mgeni gani?"

Elisha alielekeza kidevu barabarani. Barabara ilikuwa nyeupe na tupu. Emiliana alicheka, akamwambia akikimbia kazi aseme anakimbia kazi, asisingizie wageni. Elisha hakucheka. Alitoka, na baada ya muda mfupi akarudi, akaendelea na spoku zake kama kawaida. Ila alikuwa na jasho jingi kuliko la mtu aliyeishia njiapanda tu.

Siku iliyofuata kengele ililia tena, na Elisha akatoka tena. "Namsindikiza mgeni. Nakuja." Safari hii alichelewa. Siku ya baadaye alichelewa zaidi, na akarudi midomo imempasuka, na mama yake alipogeuza zile ndala akakuta visigino vimelika mpaka unaona udongo upande wa pili. Zilikuwa ndala mpya.

Mama Agripina hakuwa mtu wa kukaa na jambo la namna hiyo kifuani. Aliwaita wenzake wa kanisani, wakaja wakajaa sebule, wakaomba kwa bidii. Hapo ndipo hofu ilipoanza kweli, kwa sababu Elisha hakuanguka wala hakupiga kelele wala hakutoa sauti ya kigeni. Aliimba nao, akasema amina kuliko wote, akalia machozi ya kweli. Kisha kengele ikalia nje. Elisha akasimama, akawapa wote mikono mmoja mmoja, akawashukuru kwa kufika.

"Samahanini," alisema kwa adabu. "Kuna mgeni ananisubiri nje. Hapendi kuingia wakati wa maombi."

Waumini walitazamana. Hakuna aliyethubutu kusogea dirishani kuangalia ni mgeni gani huyo mwenye heshima hivyo.

Emiliana ndiye aliyemfuata. Alichukua baiskeli akaikokota mbali kidogo nyuma ya mdogo wake, jua likimchoma shingo. Elisha alitembea pembeni mwa njia, akiacha nafasi upande wa kulia, nafasi unayomwachia mtu anayekokota baiskeli. Alikuwa anaongea. Alikuwa anainamisha kichwa kusikiliza, anacheka kidogo, anaitikia, "Eeh, ndiyo, hata kwetu ni hivyohivyo." Na upande ule wa kulia majani makavu yalikuwa yanalala chini kwa mstari mmoja mwembamba, na hayainuki.

Kwenye kijito Elisha alisimama. "Basi, mgeni wangu, mimi niishie hapa."

Akainamisha kichwa kusikiliza. Harufu ya mvua ikaja.

"Haya," akasema Elisha. "Hadi pale kwenye mninga."

Kwenye mninga akasimama tena, akasema tena aishie pale, akasikiliza tena, na Emiliana akaona mabega ya mdogo wake yakishuka kama ya mtu aliyebanwa kwa upole. "Haya, sawa. Hadi pale kwenye kona. Kidogo tu."

Nani asiyeijua hiyo? Kila mtu aliyelelewa na mama anaijua. Unamtoa mgeni mpaka mlangoni, maneno hayajaisha, unamfikisha barabarani, barabarani kuna habari nyingine, na wewe unaona haya kumwambia rudi nirudi, basi unajikuta jirani na kwake, chakula kimeungua jikoni kwako. Emiliana alikuwa ameiona maisha yake yote na hakuwahi kudhani inaweza kumtisha. Sasa ilimtisha. Aliitupa baiskeli, akakimbia, akamkamata Elisha mkono.

"Turudi nyumbani."

Elisha alimgeukia na uso wa aibu. "Dada, usinifedheheshe mbele ya mgeni," alinong'ona. "Tafadhali. Atatuonaje?"

Akamvuta, na Elisha, kijana mwembamba ambaye Emiliana alikuwa anamshinda mieleka tangu utotoni, hakuvutika. Akaenda naye hivyohivyo amemning'inia mkononi, kona baada ya kona, mpaka chini ya Meno Nje. Hapo kitu kikamwachia. Alikuwa peku. Ndala zake hazikuwapo miguuni, na Emiliana hakuona zilipomtoka.

"Amesema leo inatosha," Elisha alisema, na akatabasamu kwa midomo iliyopasuka. "Kesho tutafika kwake."

"Kwake ni wapi, Elisha?"

Elisha alinyoosha kidole juu, kwenye jabali, na akaendelea kukinyoosha, kikapita jabali, kikaelekea kwenye hewa iliyo juu ya genge.

Habari zilimfikia mwenyekiti wa kijiji, Simeoni, kabla Emiliana hajamlaza mdogo wake. Alikuja na wanaume na mzigo wa matawi ya miiba. Alisema njia ifungwe leo hii, wageni wa Jumamosi waambiwe wasije, msitu urudi ulivyokuwa, labda huyo mwenye nao atatulia.

"Mwenyekiti, shikamoo," Emiliana alisema, maana hata hasira ina mahali pa kuanzia. "Njia siifungi."

"Marahaba. Utafunga, binti. Ni amri."

"Huyo hapiti kwa sababu ya njia. Alifika nje ya nyumba yetu leo, watu wanaomba. Nikiweka miiba mlimani, kesho mtaweka miiba wapi? Mlangoni kwa mama? Mdomoni kwa Elisha?" Sauti yake ilikuwa inatetemeka, akaiacha itetemeke. "Anayetaka kuifunga aanze na mimi. Nitalala katikati."

Simeoni alimtazama, akatazama miiba yake, akaiweka chini. Kisha akasema jambo la maana, ambalo kwa mwenyekiti hutokea mara mojamoja. Alisema kuna mama mmoja Singida mjini, anauza viatu vya mtumba sokoni, anaitwa Hanifa, na mambo ya namna hii anayajua kuliko viatu.

Mama Hanifa alifika kwa bodaboda jua likielekea kuzama, ushungi umejaa vumbi jekundu na mgongo ukimuuma. Emiliana alitegemea chetezo, ubani, maneno makubwa. Mama Hanifa aliomba chai ya maziwa, akanywa, akamwita Elisha akae karibu yake kwenye mkeka.

"Mwanangu, huyo mgeni mlionana naye wapi mara ya kwanza?"

Elisha alieleza bila shida; hakuwa anaficha, ila hakuna aliyekuwa amemuuliza kabla ya hapo. Ilikuwa siku waliyozindua njia. Walipika wali na mbuzi kule juu kwenye jabali. Wakati wanakula akatokea mzee mmoja na baiskeli nyeusi, wakamwambia karibu, akanawa, akala nao. Mtu mpole sana. Baadaye vijana wakataka kushuka Meno Nje kabla jua halijatua, kila mtu, hata Emiliana, akarukia baiskeli yake. Mzee akabaki amesimama na baiskeli yake akasema, basi nisindikizeni. Elisha alikuwa ameshaanza kuteremka. Akapiga kelele akicheka.

"Ulimwambia nini? Neno kwa neno."

"Nilimwambia, tutakusindikiza siku nyingine!"

Mama Hanifa aliweka kikombe chini polepole.

"Hadi wapi?"

"Sikusema hadi wapi, mama. Ilikuwa maneno tu. Ya kuaga."

"Maneno tu," alisema Mama Hanifa. Alimgeukia Mama Agripina, na wale wanawake wawili wakatazamana namna watu wazima wanavyotazamana juu ya vichwa vya watoto. "Dada yangu, huyu siwezi kumfukuza. Angeingia mwenyewe ningemtoa kwa masikio. Lakini huyu alikaribishwa, akala, akaahidiwa. Hana kosa. Na mkimfukuza mgeni mliyemwahidi, ndipo atakapopata haki ya kuhamia. Ninawajua hawa. Hawanywi damu. Wanakula haya. Mtu anaona haya kusema basi, imetosha, naye anakula hapohapo, kidogo kidogo, hadi pale, hadi pale, mpaka mtu hayupo."

Nje upepo ulipita kwenye mabati. Mama Agripina alikuwa amemshika Elisha kifundo cha mguu, kana kwamba anaweza kumfunga kwa vidole.

"Kwa hiyo?" Emiliana aliuliza. "Tukae tumngoje?"

"Kwa hiyo ahadi itimizwe. Asindikizwe, yaishe. Ila siyo na huyu mtoto mwenye adabu." Mama Hanifa alinyanyua kidole. "Tena Mungu mkubwa, alisema tuta, hakusema nita. Wote mliokuwa pale mmo kwenye hiyo tuta. Sasa niambieni kweli, msinifiche. Katika nyumba hii, nani hana haya?"

Mama Agripina hakufikiria hata kidogo. "Huyo hapo," alisema, akamwonyesha Emiliana.

"Mama!"

"Mwanamke na suruali, anapanda baiskeli mbele ya wakwe za watu, mwenyekiti kaja na amri kamjibu hivi na hivi. Kinampanda nzima wanajua. Hana haya kabisa." Na hapo sauti ya Mama Agripina ikakatika, akalia, na akamvuta binti yake akamkumbatia kwa nguvu. "Mungu akulinde, mwanangu. Usiwe na haya hata kesho."

Kesho yake jua lilipokaribia utosini, Simeoni na wanaume wake walimshika Elisha kitandani, na Mama Hanifa akakaa kizingitini akisoma kwa sauti ya chini. Emiliana alisimama barabarani na baiskeli yake, kofia ngumu ameifunga kichwani. Alikuwa anaogopa. Lakini kila alipomkumbuka Elisha amesimama peku chini ya Meno Nje, akimwomba asimfedheheshe, hofu ilipata mwenzake wa kukaa naye, hasira.

Kring, kring.

"Mgeni," alisema kwa sauti, kama alivyofundishwa. "Leo nakusindikiza mimi. Hadi kwenye jabali. Mwisho wangu ni kwenye jabali."

Ndani Elisha alipiga ukelele mmoja, akanyamaza. Emiliana akakanyaga pedali.

Mwanzoni palikuwa na mlio tu wa tairi jingine nyuma yake, na harufu ya mvua. Alipovuka kijito baiskeli ikawa nzito ghafla, ikabonyea nyuma. Baiskeli yake haikuwa na keria. Hata hivyo mtu alikuwa ameketi.

"Habari za nyumbani?" iliuliza sauti nyuma ya shingo yake. Ilikuwa sauti nzuri, ya mtu mzima aliyekula akashiba.

"Nzuri."

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na alizeti mwaka huu?"

"Zipo."

Ikanyamaza, ikingojea. Mtu yeyote angerudisha salamu. Ulimi wa Emiliana ulikuwa umeshaandaa, na kwako je, hamjambo huko, lakini Mama Hanifa alikuwa amemwonya, usimuulize za kwake, ukimuuliza atakwambia, na ukishazijua umekuwa mwenyeji wa huko. Emiliana akauma ulimi, akabadilisha gia, akapanda.

Na alivyopanda ndivyo ilivyozidi kuwa nzito, na ndivyo msitu ulivyozidi kunyamaza, ndege wakaacha, upepo ukaacha, pakabaki kuhema kwake na ile sauti inayosifu, inayosifu kila kitu kwa upole, njia ilivyochongwa vizuri, kona zilivyowekwa kwa akili, mikono yake ilivyo na nguvu kama ya marehemu, na kwa nini asipumzike pale kivulini kidogo, watu wa siku hizi wana haraka, hawana hata muda wa mgeni, na Emiliana akahisi haya ikimpanda kutoka kifuani, haya ya kweli, ile ya kumwacha mtu mzima anaongea peke yake, ikamwambia jibu, jibu hata neno moja la utu, wewe ni mtoto wa nani, hukufundishwa? Chini ya Meno Nje akashuka kwenye baiskeli akaikokota, ule uzito ungali umekaa palepale nyuma, na hatua kwa hatua, akiteleza, akishika mizizi, goti likitoka damu, akafika juu, akaiegemeza baiskeli kwenye jabali.

"Nimeishia hapa," alisema.

"Vizuri, mwanangu. Hadi pale tu."

Hakuwa na haja ya kutazama pale ni wapi. Hewa ya genge ilikuwa inampuliza usoni.

"Nimeishia hapa."

"Emi."

Ile haikuwa tena sauti ya mgeni. Ilikuwa ya baba yake, Hosea, aliyekufa Emiliana akiwa mbali mjini, aliyezikwa kabla basi lake halijafika Kiomboi, na hakuna mwingine duniani aliyewahi kumwita Emi.

"Emi, mwanangu. Hata kwaheri hunipi?"

Alisimama. Hakuna kitu alichowahi kukitaka kama neno lile moja. Alikuwa amelisema peke yake kaburini, na akiwa njiani, na akichimba njia hii, na hakuna aliyelipokea. Machozi yalimtoka mpaka shingoni. Lakini hakuna mtu duniani anayeagana kwa neno moja. Ukisema kwaheri utajibiwa, ukijibiwa utauliza lini tena, ukiuliza lini utakuwa umeshasogea.

Emiliana akageuka bila kuaga, akakaa kwenye baiskeli yake, akamwonyesha baba yake mgongo.

Akaiachia baiskeli ishuke Meno Nje. Baiskeli ilikuwa nyepesi kama ilivyokuwa siku zote, mawe yakagonga, matawi yakamchapa, mdomo wake ukafunguka wenyewe, na hakujua kama analia au anapiga mayowe. Katikati ya mteremko, mahali pakali kuliko pote, kengele ikalia. Ilikuwa sambamba naye, sikioni.

"Basi," ilisema ile sauti ya kwanza, ya upole, bila hata kutweta, "na mimi nikurudishe. Nikusindikize nawe kidogo."

Hili Mama Hanifa hakulisema. Lakini Emiliana alilijua, kila mtu analijua: unamtoa mgeni, naye anakurudisha, nawe unamtoa tena, na jioni inawakuta njiani. Angefika naye nyumbani. Angempa Elisha mgeni wake tena, mlangoni.

Akabana breki zote mbili. Pale hapasimamiki, kila mpanda baiskeli anajua, lakini alisimama, tairi la nyuma limekaa upande, mguu umejichimbia kwenye changarawe, na akageuza uso akamtazama.

Baiskeli nyeusi ilikuwa imesimama kando yake, mteremkoni, bila kuegemea chochote. Uso wa aliyeikalia hakuuona, kofia ilikuwa imeufunika mpaka kidevuni. Aliona miguu. Miguu ilikuwa imevaa ndala, na juu ya ndala ndala nyingine, na juu yake nyingine, za kiume na za kike na za watoto, zimepachikwa tabaka kwa tabaka mpaka zimekuwa ndefu kama vigogo, na zote zimelika visigino. Za juu kabisa zilikuwa za bluu.

Hofu ilimpanda Emiliana mpaka kichwani, ikafika mwisho wake, na huko mwisho akakuta hasira imekaa inamsubiri.

"Anayesindikizwa ni mgeni," alisema. "Mimi si mgeni hapa. Jiwe hili nimelitoa mimi. Kona ile nimeichimba mimi, na mdogo wangu, na mikono ilitoka malengelenge. Hapa ni kwetu mpaka chini. Sisindikizwi kwetu! Mgeni ni wewe, na wewe umeshasindikizwa, umekula, umeshiba, umeondoka. Miguu unayo."

Ile kofia haikusogea.

"Na ndala za mdogo wangu vua."

Emiliana alihisi kitu ambacho hakutegemea, kitu kinachojikunyata, kinachoangalia pembeni. Kilikuwa kinaona haya. Huenda tangu dunia iumbwe hakuna aliyewahi kukiambia vua.

"Vua, nimesema! Huoni hata aibu, mtu mzima?"

Ndala moja ya bluu ikaanguka kwenye changarawe, kisha ya pili. Kengele ililia mara moja, kwa kigugumizi, na harufu ya mvua ikakatika, na ndege wote wa msitu wakaanza kupiga kelele kwa pamoja.

Elisha alikuwa amekaa ukutani, nje, anakula ugali kwa mikono miwili, alipomwona dada yake anaingia uwanjani goti limevimba na ndala zimening'inia kwenye usukani. Kisha akaanza kulia, akamwambia alikuwa anasikia kila kitu, kila siku, anajua anakokwenda, na alishindwa kusema hapana kwa sababu yule mtu alikuwa mpole mno. Emiliana alikaa chini kando yake akamega ugali wake bila kuomba.

Mama Hanifa aliaga kabla ya magharibi. Aliposimama, watu wote uani walisimama kwa mazoea, kisha wote wakaganda, na hakuna aliyeinua mguu. Mama Hanifa alicheka mpaka akashika kiuno.

"Kaeni," alisema. "Njia naijua." Kisha akamsogelea Emiliana akapunguza sauti. "Umemtoa hapa. Kumuua hatuwezi. Ataanza kwingine."

Jumamosi wapanda baiskeli walikuja wote. Wakanywa uji, wakapanda mlima wakitweta, Elisha akiwatangulia na kuwachekesha. Walipofika kwenye jabali walikaa kupumzika, na Emiliana alisogea ukingoni, peke yake, akatazama bonde. Asubuhi ilikuwa tulivu. Ng'ambo kule, kwenye vilima vya upande wa pili, kulikuwa na moshi wa majiko na mapaa ya nyumba asizozijua, vijiji vya watu wanaosifiwa kwa adabu.

Kring, kring.

Ilikuwa mbali sana, ndogo kabisa. Nyuma yake hakuna aliyeisikia, waliendelea kucheka. Elisha peke yake ndiye aliyenyamaza, mkate mkononi, akamtazama dada yake.

Emiliana alikumbuka zile ndala nyingine, za chini ya zile za bluu, ndogo ndogo.

"Washushe wageni wewe," alimwambia. "Mimi nakwenda kule."

"Kufanya nini?"

"Kuwafundisha watu kukosa haya."

Alikagua breki, akafunga kofia, akaingia kwenye njia ya mbuzi inayoshukia bondeni.